Sura ya Tano: Vijana wa Athens na Sauti Iliyofunikwa

Desemba 1982, kampuni ya rekodi ya I.R.S. iliwaingiza studio vijana wanne kutoka mji wa Athens, jimbo la Georgia nchini Marekani, na kuwapa prodyuza wa kuwanyoosha. Prodyuza huyo alikuwa Stephen Hague, fundi hodari ambaye miaka michache baadaye angefanya kazi na Pet Shop Boys na New Order na kujijengea jina kubwa. Hague alipenda kazi iliyonyooka. Wimbo wa majaribio ulikuwa Catapult, naye akataka urudiwe, kisha urudiwe tena, mpaka kila pigo likae mahali pake bila kuyumba. Bill Berry, mpiga drams, alirudia hadi moyo ukamvunjika. Kisha Hague akazichukua kanda, akaenda nazo Boston, na huko akaongeza vinanda vya umeme juu ya wimbo bila kuwauliza wenyewe. Waliposikia matokeo, vijana wale waliiambia kampuni kwamba hawawezi kuendelea hivyo.

Bendi iliitwa R.E.M. Ilikuwa na singo moja, na santuri moja fupi yenye nyimbo tano. Haikuwa na wimbo hata mmoja uliovuma nchi nzima. Miezi saba tu ilikuwa imepita tangu isaini mkataba, na kampuni ndiyo iliyoshika mfuko. Kwa kawaida wanamuziki wa umri ule, wakiwa katika hali ile, hunyamaza wakamwachia prodyuza afanye atakavyo, wakitumaini kwamba albamu ya pili watajipangia wenyewe. Hawa walikataa kabla hata ya ile ya kwanza. Albamu iliyotokana na kukataa huko, Murmur, ilitoka tarehe 12 Aprili 1983, na kila kilicho kizuri ndani yake nakiona kinaanzia kwenye kanda zile za Boston zilizorudishwa kwa mwenyewe.

Ujasiri huo haukuwajia ghafla. Athens ni mji wa chuo kikuu, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka Atlanta, na mwishoni mwa miaka ya 1970 ulikuwa mahali ambapo mwanafunzi wa sanaa aliweza kupanga chumba kwa pesa kidogo, kununua gitaa lililotumika na kupiga kwenye sherehe za marafiki bila kuogopa kuchekwa. Bendi ya The B-52's ilianzia hapo kwenye sherehe ya Siku ya Wapendanao mwaka 1977, ikafika New York, ikapata mkataba. Pylon wakafuata. Wote walifika mbali wakiwa na vituko vyao, bila kuiga mtu yeyote, na vijana wa mji wakaona kwamba jambo hilo linawezekana.

Peter Buck, mpiga gitaa, aliuza santuri katika duka la Wuxtry. Michael Stipe, mwimbaji, aliyekuwa mwanafunzi wa sanaa katika Chuo Kikuu cha Georgia, alikuwa mteja aliyechagua zilezile ambazo Buck alikuwa akijiwekea pembeni, na urafiki wao ukaanzia hapo. Mike Mills na Bill Berry walitoka Macon, mji mwingine wa Georgia, wakiwa wamepiga pamoja tangu sekondari: Mills kwenye besi, Berry kwenye drams. Tarehe 5 Aprili 1980 wanne hao walipiga kwa mara ya kwanza mbele ya watu, katika sherehe ya kuzaliwa ya rafiki yao, ndani ya kanisa la zamani la Mtakatifu Maria kwenye barabara ya Oconee. Jengo lile halikuwa tena nyumba ya ibada. Wapangaji waliishi humo, Buck na Stipe wakiwa miongoni mwao. Jina la bendi walilipata baadaye kwa kufungua kamusi na kuangukia popote.

Tangu mwanzo walipatana mambo mawili. Nyimbo zote ziandikwe kwa majina ya wote wanne, pesa zigawanywe sawasawa, bila kujali nani aliyeleta wazo la kwanza. Na kila mmoja awe na haki ya kuzuia jambo asilolitaka. Bendi nyingi zimekufa kwa kugombania hakimiliki; hii iliishi miaka 31, mpaka wenyewe walipoivunja kwa hiari Septemba 2011. Katika Murmur, patano hilo linasikika hata masikioni, kwa maana hakuna chombo kinachojitanguliza mbele ya wenzake.

Prodyuza waliyemtaka badala ya Hague alikuwa Mitch Easter. Huyu alikuwa na studio katika gereji ya nyumba ya wazazi wake huko Winston-Salem, North Carolina, akiiita Drive-In. Humo ndimo walimorekodi singo yao, Radio Free Europe, mwaka 1981, kwa ajili ya lebo ndogo ya Hib-Tone ya Atlanta. Nakala za mwanzo zilikuwa 1,000 tu, na zaidi ya nusu yake ziligawiwa bure kwa waandishi, redio na kumbi za muziki. Zilifika kulikotakiwa. Gazeti la The New York Times liliutaja wimbo ule miongoni mwa singo kumi bora za mwaka. Baadaye Easter akawarekodia Chronic Town, ile santuri ya nyimbo tano iliyotoka Agosti 1982 kwa jina la I.R.S.

Kampuni ilikuwa na wasiwasi naye, na wasiwasi huo unaeleweka. Mwenye kutoa fedha hupenda prodyuza mwenye rekodi za kuonyesha, na mtu wa gereji hakuwa nazo. Hata hivyo I.R.S. ilikubali kujaribu. Easter akamleta Don Dixon, mwanamuziki na prodyuza wa North Carolina aliyemzidi uzoefu, na kwa pamoja wakarekodi wimbo mmoja, Pilgrimage. Wakuu wa kampuni wakausikiliza, wakatoa ruhusa ya albamu nzima. Ukiusikiliza leo, wimbo wa pili upande wa kwanza, utaelewa kwa nini hawakuhitaji kushawishiwa zaidi: unaanza kwa mbali, kama kitu kinachosikika kutoka chumba cha tatu, halafu besi inaingia na nyumba nzima inajaa.

Kazi ilifanyika Januari na Februari 1983 katika studio ya Reflection, mjini Charlotte. Studio ile ilizoea waimbaji wa injili. Kwaya za kanisa ndizo zilizoleta sehemu kubwa ya riziki yake. Vyombo vyake vilikuwa vizuri na mafundi wake walijua kurekodi sauti ya binadamu. Easter na Dixon waliingia na busara ya kutojitia sana. Kama Stipe ameimba na kimetoka kitu cha kweli, waliacha kama kilivyo. Walimwomba arudie pale tu palipokuwa na kasoro isiyovumilika.

Bendi nayo ilikuja na orodha ya makatazo. Hakuna solo la gitaa. Hakuna vinanda vya sintesaiza, na huo ulikuwa mwaka ambao sintesaiza zilitawala kila redio ya Marekani na Uingereza. Hakuna pigo la drams lenye mwangwi mkubwa wa bomba, ule ambao leo ukiusikia sekunde mbili tu unajua wimbo ni wa miaka ya themanini. Berry alisisitiza drams zake zirekodiwe ndani ya kibanda chake peke yake, mtindo ambao mafundi wa wakati ule walikuwa wameuacha kwa kuuona wa kizee. Walitaka muziki usiobandikwa tarehe, na wakaupata. Albamu nyingi za 1983 zilizouza kuishinda Murmur zimezeeka pamoja na mashine zilizozitengeneza. Hii ukimwekea kijana wa leo bila kumwambia lolote, atashindwa kukisia mwaka.

Kukataa mambo hayo kuliacha nafasi, na ndani ya nafasi hiyo walicheza kama watoto. Buck alipiga gitaa lake la Rickenbacker kwa kuzitenganisha nyuzi moja moja badala ya kuzikwangua kwa pamoja, kisha magitaa makavu, yale yasiyo ya umeme, yakapangwa chini yake yakiongeza uzito bila wewe kuyatambua. Mills aliipa besi kazi ambayo katika bendi nyingi hufanywa na gitaa la kwanza: ndiyo inayobeba tuni, inayopanda, inayouliza na kujibu. Msikilizaji aliyekulia kwenye muziki wa dansi, anayejua raha ya magitaa matatu kusukana bila mmoja kumfunika mwenzake, ataielewa haraka, hata kama muziki wa roki haujawahi kumgusa. Katika Perfect Circle, Mills na Berry walipiga piano mbili kwa wakati mmoja, moja ya kusimama na nyingine kubwa ya jukwaani, noti zilezile, na kwa kuwa piano mbili haziwezi kulingana kabisa, sauti inatoka na ukungu ambao hakuna mashine ingeutoa. Katika We Walk kuna ngurumo kama radi ya mbali: ni mipira ya biliadi. Berry alikuwa akicheza biliadi, Easter akairekodi ile milio, akaichezea kwenye kanda mpaka ikageuka radi.

Stipe aliimba peke yake gizani, kwenye ngazi za kushukia chini, mahali ambapo wenzake hawakuweza kumwona. Na sauti aliyoitoa humo ndiyo iliyowafanya wahakiki wabishane tangu siku ya kwanza, kwa sababu haisikiki anasema nini.

Unasikia neno hapa, nusu ya neno pale. Sentensi inaanza kama inayokwenda mahali, kisha inazama ndani ya magitaa. Ukinyanyua santuri kutafuta mashairi kwenye jalada huyakuti; R.E.M. hawakuchapisha mashairi ya albamu nzima hadi mwaka 1998, walipotoa Up. Sauti yake wameichanganya ikae katikati ya vyombo, kimo kimoja navyo, wakati ambapo kawaida ya nyimbo za redio ni mwimbaji kupandishwa juu ya kila kitu. Wapo waliosema ni uvivu wa kutamka. Wapo waliodhani kijana ana haya, na haya kwa kweli alikuwa nayo. Nadhani walikosea kuishia hapo.

Kwetu huku mashairi ndiyo nguzo ya wimbo. Msikilizaji wa taarabu anasubiri beti kama anayesubiri hukumu, na wimbo wa dansi uliopendwa ni ule uliosema jambo: mume aliyetoroka, rafiki msaliti, maisha ya mjini. Lakini ni sisi hawahawa tuliojaza kumbi kwa nyimbo za Kilingala. Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley, Mbilia Bel: watu wa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa wameimba nyimbo zao kutoka mwanzo hadi mwisho, na wengi wao wasingeweza kutafsiri mstari mmoja. Walilia kwenye nyimbo hizo. Walioana nazo. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa kwamba sauti ya mtu inaweza kukufikisha kabla maana haijafika. Kitu cha ajabu alichofanya Stipe ni kuwafanyia hivyo watu wa lugha yake mwenyewe. Aliwaimbia Wamarekani Kiingereza cha kwao, akawafanya wakisikilize kwa moyo wa mgeni.

Chukua huohuo Radio Free Europe unaofungua albamu. Jina ni la idhaa iliyogharimiwa na serikali ya Marekani kupeleka matangazo Ulaya Mashariki wakati wa vita baridi, nasi tunaijua familia hiyo ya redio: aliyekua akitegea BBC, Sauti ya Amerika au Deutsche Welle kwa Kiswahili kwenye masafa mafupi anakumbuka jinsi sauti ilivyokuja na kuondoka na mawimbi. Wimbo hauielezi idhaa. Hausimulii propaganda wala ukomunisti. Unachopewa ni hali ya kusikiliza kitu muhimu kinachokatikakatika, na hamu ya kukisogelea. Kwa albamu hii waliurekodi upya, mzito kidogo na wa taratibu kuliko ule wa singo. Buck mwenyewe alikuwa akisema wa kwanza ndio bora, na kwa nguvu tupu nakubaliana naye, ingawa wa pili unakaa vizuri zaidi penye mlango wa albamu.

Perfect Circle unaonyesha jambo hilohilo kwa upande wa huzuni. Buck amewahi kueleza kwamba katika ziara moja, akiwa amechoka, alisimama nyuma ya ukumbi huko Trenton, New Jersey, akawaona watoto wakicheza mpira jioni, wakiwahi mchezo wa mwisho kabla giza halijaingia, na machozi yakamtoka. Kwake wimbo ule ni jioni ile. Stipe, mwenye mashairi, alikuwa akimfikiria msichana waliyeachana. Wawili waliokuwa chumba kimoja, wimbo mmoja, na kila mmoja alikuwa na wake. Mashairi yangesema wazi ni ya nani, mmoja wao angebaki nje, na sisi pia.

Siyo kwamba albamu nzima imefikia kimo hicho. We Walk ni wimbo mwepesi, na bila zile biliadi ungepita bila kuacha alama. 9-9 una ukali wa magitaa waliojifunza kwa Gang of Four wa Uingereza, na unasisimua zaidi ukipigwa jukwaani kuliko kwenye santuri. Lakini Talk About the Passion, wenye selo inayopita chini yake kwa upole na unaozungumzia njaa bila kuhubiri, na Sitting Still, ambao kiitikio chake hupandisha mabega ya mtu hata akiwa peke yake ndani ya gari, zingetosha kuibeba bendi yoyote kwa miaka kumi.

Jalada lilichaguliwa kwa akili ileile. Mbele kuna picha ya ardhi iliyofunikwa na kudzu, mmea unaotambaa uliotoka Japani na kuonyeshwa Marekani kwenye maonyesho ya Philadelphia mwaka 1876. Miaka ya 1930 serikali iliwalipa wakulima wa majimbo ya Kusini waupande ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Ulizuia, kisha ukakataa kusimama. Ulipanda juu ya miti, nguzo za simu, magari mabovu na nyumba zilizohamwa, mpaka kilichobaki ni maumbo ya kijani ambayo huwezi kuapa yaficha nini. Mtu yeyote aliyepita barabara za Georgia kiangazi anaijua mandhari hiyo. Wakati kampuni zilipenda sura za wanamuziki zijae kwenye jalada, R.E.M. waliweka mbele kichaka cha nyumbani kwao, na nyuma daraja la mbao la reli, lililozeeka, lililokuwa palepale Athens. Bendi hii ilikuwa ikiwaambia watu inatoka wapi. Kusini mwa Marekani ilizoeleka katika roki kwa bendera, pombe na magitaa ya solo ndefu. Hawa walileta Kusini nyingine, yenye unyevu, ukimya na mambo yaliyofunikwa.

Murmur ilipanda hadi nafasi ya 36 kwenye chati ya albamu ya Billboard. Radio Free Europe uliishia nafasi ya 78 kwenye chati ya singo. Hadi mwisho wa mwaka ziliuzwa nakala kama 200,000, kiasi ambacho kampuni ilikiona kidogo. Kiangazi walifungulia matamasha kadhaa ya The Police, likiwamo la uwanja wa Shea mjini New York, wakapiga muda mfupi mbele ya maelfu waliokuja kumwona mtu mwingine, wakatoka wakiwa wamechukia kabisa viwanja. Redio za vyuo vikuu ndizo zilizowachukua. Vituo hivyo, vinavyoendeshwa na wanafunzi na vyenye masafa yasiyovuka mji, vilipiga albamu yote bila kungoja kuambiwa wimbo upi ni wa kuuza, na kutokana na msikilizaji aliyepatikana humo ukakua ule muziki uliokuja kuitwa roki mbadala. Mwisho wa mwaka jarida la Rolling Stone liliitangaza Murmur kuwa albamu ya mwaka 1983, mbele ya Thriller ya Michael Jackson, Synchronicity ya The Police na War ya U2. Uamuzi huo uliwashangaza wengi wakati ule. Thriller ni kazi kubwa isiyohitaji mtetezi, na bado naona wahakiki wale walisikia vizuri: walisikia kitu ambacho vijana wenye gitaa na gereji wangeweza kukichukua na kwenda nacho, na vijana hao walikichukua kweli. Mwaka 2010 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitangaza kuiingiza singo ile ya Hib-Tone katika hazina ya rekodi za kuhifadhiwa kwa taifa.

Tarehe 6 Oktoba 1983 walionekana kwa mara ya kwanza kwenye televisheni iliyoonekana nchi nzima, katika kipindi cha usiku cha David Letterman. Walipiga Radio Free Europe. Letterman alipokuja kuwahoji, Buck na Mills ndio waliojibu. Stipe alikaa pembeni, kwenye jukwaa la drams, asiseme kitu. Kisha, badala ya kutumia dakika zilizobaki kutangaza wimbo mwingine wa albamu iliyokuwa dukani, walipiga mpya kabisa, ambao haukuwa hata na jina. Baadaye ungeitwa So. Central Rain. Kabla mwaka haujaisha walikuwa wamerudi Charlotte kuurekodi, katika studio ileile ya injili, pamoja na Easter na Dixon walewale, na safari hii hakuna mtu aliyewaambia wajaribiwe kwanza.